Bakoly Ajiongeza kwenye Diski ya Ukoo

Mbele ya duka langu pale Ambositra, nchini Madagaska, barabara inayopanda kwenda kwa wachonga mbao, alikuwa akikaa mama mmoja muuza vitumbua. Jina lake kamili Bakoliarisoa, ila hakuna aliyekuwa na subira ya kulimaliza. Tulimwita Bakoly, na waliomstahi zaidi walimwita Mama Lanto, kwa jina la bintiye. Alikuwa mwembamba, kofia yake ya ukindu imechakaa ukingoni, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko moto wa jiko lake. Mteja akisema vitumbua vya leo ni vidogo, humjibu, “Ni wewe umekua tangu jana.”

Mimi naitwa Sahondra. Kazi yangu ni kupiga video za sherehe na kuzitia kwenye diski, wenyewe tunaita kuchoma, na miaka ile ya diski nilikuwa na wateja mpaka uani. Mtu akioa, akitahiri mtoto, akiwatoa wazee wake kaburini kuwavika mashuka mapya kama ilivyo mila yetu, lazima picha zije kwangu zichomwe, nakala ziende kwa ndugu walio mbali.

Bakoly alizaliwa nyumba kubwa. Baba yake alikuwa na mashamba ya mpunga bondeni na kaburi la mawe juu ya kilima, na kaburi kwetu ndilo linalosema wewe ni mtu wa nani. Akiwa msichana alimpenda Tsaralaza, fundi wa kupachika nakshi kwenye masanduku ya mbao. Tsaralaza hakuwa na kasoro ila moja: babu zake walikuwa watumwa wa watu. Miaka mingi imepita tangu utumwa ufutwe, lakini wenye mashamba hawajasahau nani alimlimia nani.

Baba yake alimkanya, hakusikia. Kaka yake mkubwa, Ratsimba, aliitisha ukoo, na mbele ya wote baba akatamka kwamba Bakoly akiolewa na mtu yule hatazikwa kwenye kaburi lao, wala jina lake halitatajwa watu wakihesabu watoto wa nyumba ile. Watu walitegemea alie. Yeye alifunga kikapu chake akasema, “Basi kaeni na kaburi lenu. Mimi bado naishi.” Akaondoka, akaolewa, akazaa. Hakurudi kuomba msamaha, na hakuhama mji ili wasimwone. Alichagua kuuza vitumbua barabara ile ile ambayo ndugu zake wote hupita wakienda sokoni.

Baba yao alipofariki, Ratsimba alinijia na boksi la picha na kanda za zamani. Alitaka diski ya ukoo.

“Nichomee kwenye ile inayoandikika tena,” aliniambia. “Isiwe ile ya kuchoma mara moja basi. Nataka kila jambo likitokea tuongeze humo humo.”

Nikafanya hivyo. Nilichoma ya kwanza, sikuifunga, nikaiacha wazi ili ipokee vingine baadaye. Nikatoa nakala kwa kila tawi la ukoo. Moja ilikwenda kwa Haingo, dada wa marehemu, aliyekuwa akiishi Fianarantsoa. Mwanawe Ratsimba alipooa, diski zikarudi dukani tukaongeza harusi. Mjukuu alipotahiriwa zikarudi tena. Si kazi ngumu. Unaiweka diski, unaiambia kompyuta isome kwanza vilivyomo, unavitia vipya chini ya vya zamani, unachoma. Ukisahau kuionyesha vya zamani, vitafichika kana kwamba havikuwahi kuwepo, kwa hiyo macho ni muhimu.

Tsaralaza alifariki kwa kifua, baridi ya Julai. Ratsimba hakuja mazishini. Mwaka uliofuata tukasikia kwamba ukoo unajiandaa kumtoa baba yao na kumvika mashuka mapya, na Ratsimba akaja dukani kuniagiza nikapige video. Bakoly alikuwa pale nje anageuza vitumbua.

“Kaka, karibu kitumbua,” alimwambia.

“Nimeshakula.”

“Hujala. Hilo tumbo nalijua tangu ukiniibia viazi vyangu. Nasikia mnamtoa baba.”

“Tunamtoa.”

“Nitakuja na shuka lake la hariri. Halafu nina picha zangu. Mume wangu, watoto wangu, msiba wetu. Nataka ziingie kwenye diski.”

Ratsimba alijipangusa mabega kama mtu aliyeangukiwa na vumbi. “Diski ilishachomwa. Kitu kikishachomwa kimechomwa. Hakiongezwi.”

“Na harusi ya mwanao ilichomwa na nani, malaika?”

Nilijifanya natafuta waya chini ya meza.

“Basi imejaa,” Ratsimba akasema.

“Imejaa, Sahondra?”

Ningeweza kukohoa nikaacha lipite. Lakini mama yule alikuwa jirani yangu, kila asubuhi kitumbua changu cha kwanza kilitoka mkononi mwake. “Ina nafasi,” nikasema. “Hata nusu haijafika.”

Ratsimba alinigeukia. “Nani kakuajiri hapa?”

“Wewe.”

“Basi choma unachoambiwa.” Kisha akamkabili dada yake, na hapo sauti yake ilishuka, ikawa karibu ya upole. “Bakoly, nisikilize. Ile ni diski ya watu wa kaburi la baba. Wewe ulijitoa mwenyewe.”

“Sikujitoa. Mlinitoa. Hivyo ni vitu viwili tofauti.”

Ratsimba akaenda zake. Bakoly akaendelea kugeuza vitumbua, na kimoja kilikuwa kimeungua. Alikila yeye mwenyewe.

Jioni ile nilimwambia, “Niachie flashi yako. Ratsimba ataleta diski tuongeze video ya sherehe. Nitazitia zako kimya kimya. Siku wakiangalia watazikuta humo.”

Aliniangalia kama niliyemtukana. “Niingie nyumbani kwetu kwa dirishani? Mimi mwizi?”

“Nakusaidia tu, mwenzangu.”

“Najua. Lakini wakizikuta kwa kushtukiza watasema nimejipenyeza. Nataka waniangalie nikiwa nimesimama mlangoni.”

Akafunga safari ya Fianarantsoa. Yeye na shangazi yake Haingo walikuwa hawajaonana tangu siku ile ya ukoo, na Haingo siku ile hakusema neno la kumtetea. Sikuwepo, lakini Bakoly alinisimulia kwamba mama yule alimkalisha jikoni, akampa maji ya moto yaliyochemshwa kwenye ukoko wa wali, akamtazama muda mrefu. Halafu akatoa diski kabatini.

“Hii nilipewa mbele ya watu,” Haingo alimwambia. “Ni yangu. Nikitaka kutia humo picha za kuku wangu, nitatia. Nenda kaongeze.”

“Shangazi, Ratsimba atakasirika.”

“Ratsimba nilimfunga nepi. Akasirike.”

Alirudi nayo imefungwa ndani ya shuka la begani, akaniwekea mezani pamoja na flashi. Tukaanza kufungua alivyonavyo. Havikuwa vingi. Picha ya harusi yao, watu wachache, suti ya Tsaralaza ya kuazima inampwaya. Tsaralaza akipachika vipande vya mbao kwenye kifuniko cha sanduku, ameuma penseli. Lanto siku ya kwanza ya shule. Jeneza, na watu wa upande wa mume wake wamelibeba kwenye tuta la shamba.

Mwisho kulikuwa na video fupi iliyopigwa kwa simu ya Lanto. Nilipoifungua nikasita. Ndani ya jiko la Bakoly, kwenye kigoda, alikuwa amekaa mzee mwenye kofia nyeusi, anakula kitumbua. Nilimjua. Sura ile nilikuwa nimeipamba kwa maua kwenye kasha la diski ya ukoo.

“Baba yenu alikuja kwako?”

“Mwaka wake wa mwisho. Kila siku ya gulio. Alikuwa akiniambia Ratsimba anadhani yuko kwa kinyozi.”

“Na hukumwambia mtu?”

“Aliniomba nisiseme akiwa hai. Nimemtii.”

Kisha ushetani ukanipanda. Nilimwambia diski ile inafutika, na kwamba kuna kipande kirefu cha Ratsimba akihutubia msibani na kujisifu, ambacho hakuna ambaye angelia kikiondoka.

“Usifute hata nukta,” alisema. “Yao yote ibaki kama ilivyo. Mimi sikuja kumtoa mtu. Nataka niwemo tu.”

Nikaanza. Kompyuta iliuliza kama kawaida yake: nifute yote nianze upya, au niendelee pale tulipoishia? Bakoly akanishika mkono.

“Unabonyeza wapi?”

“Kuendelea.”

“Nisomee.”

Nikamsomea neno kwa neno. Ndipo akaniachia. Wakati inachomwa alisimama nyuma ya kiti changu, na taa ilipofifia mara moja, maana umeme wetu siku zile haukuwa wa kuaminika, nilisikia kucha zake kwenye bega langu. Haukukatika. Tulipoifungua, vya ukoo vilikuwa vyote, na chini yake vya kwake, kwenye orodha moja na vingine. Aliangalia orodha ile kwenye kioo muda mrefu kuliko alivyoziangalia picha zenyewe.

Siku ya wageni kuwasili kijijini kwa akina Ratsimba nilikwenda na kamera na kompyuta yangu mpakato. Nguruwe walikuwa wamechinjwa, masufuria ya wali yanafuka uani, wapiga tarumbeta wameshaanza kulewa. Kaburi lingefunguliwa kesho yake. Mchana ule, kama ilivyokuwa desturi yao, watu walijaa chumba kikubwa cha chini kuangalia diski ya ukoo. Ratsimba alikuwa amekodi televisheni pana na deki pamoja na spika. Mstari wa mbele aliwaketisha wakwe zake, watu wa Antsirabe, waliovaa vizuri.

Bakoly aliingia kwa mlango wa mbele. Alikuwa na Lanto kushoto na kijana wake Njaka kulia, wote watatu wamevaa kitambaa cha aina moja, na shuka la hariri limelala mikononi mwake. Tarumbeta nje zilikuwa zikiendelea. Ndani watu waligeuza shingo.

Ratsimba alisimama. “Nani amekualika?”

“Baba yangu,” Bakoly alisema. “Kesho anatoka. Nimemletea shuka.” Akageukia watu, na hakupandisha sauti. “Wajomba, mashangazi, hamjambo. Sikuja kwa siri. Shangazi Haingo ana diski yake pale. Ina mambo yenu yote, sikutoa hata moja. Nimeongeza ya kwangu. Atakayetaka aangalie, asiyetaka uani kuna wali.”

Mtu mmoja alicheka, akajizuia.

“Itawekwa ya kwangu,” Ratsimba akasema, “na hiyo yenu isitajwe tena.”

Ikawekwa ya kwake. Tukaona picha za zamani, tukaona mazishi ya baba, tukamsikiliza Ratsimba akihutubia, na kwa kweli alikuwa mrefu wa maneno. Kisha kioo kikawa cheusi. Ratsimba akabonyeza rimoti. Kikabaki cheusi. Akaitoa diski, akaipangusa kwa shati, akairudisha. Picha za zamani zikaanza upya.

“Na harusi?” mkwe wake, baba wa bibi harusi, aliuliza. “Tumeambiwa harusi ya watoto imo.”

“Imo, mzee. Imo.”

“Sasa mbona hatuioni?”

Mwenye deki akajikuna. Akaeleza kwamba deki yake ni ya zamani, husoma kile kilichochomwa mara ya kwanza tu; kama kuna vilivyotiwa baadaye haivioni. Ratsimba akamgeukia mkwe wake, jasho limemtoka kwenye baridi yote ile. “Ndiyo hivyo, mzee. Harusi imo, ila iliongezwa baadaye.”

“Kumbe huongezwa,” Bakoly alisema kutoka mlangoni.

Safari hii waliocheka hawakujizuia. Hata mkwe alitabasamu bila kujua anatabasamia nini. Ratsimba aliniambia kwa hasira nilete kompyuta yangu, na nikaiunganisha na televisheni. Kompyuta haina ubaguzi wa deki ile, ilisoma yote. Harusi ikaja, wakwe wakafurahi, mjukuu akatahiriwa tena mbele yetu akilia. Ikaisha.

Haingo akasimama na mkongojo wake. “Sasa yangu.”

“Shangazi, ni hiyo hiyo,” Ratsimba alisema.

“Kama ni hiyo hiyo itakudhuru nini?”

Akanipa diski. Nilimtazama Ratsimba, mtu aliyeniajiri siku ile, na ambaye angeweza kuninyima kazi za bonde zima. Nikaiweka. Sikuanzia mwanzo, nilikwenda moja kwa moja kwenye vya Bakoly, maana huko ndiko kila jicho lilikokuwa linataka kwenda.

Walimwona Tsaralaza na suti ya kuazima. Wazee wawili walitoka, wakigonga fimbo zao chini makusudi. Walimwona na penseli yake mdomoni. Mama mmoja alinong'ona kwamba sanduku lile ni lake, alilinunua sokoni bila kujua nani kalitengeneza. Likapita jeneza. Kisha likaja jiko, na kigoda, na mzee mwenye kofia nyeusi.

Chumba kizima kilivuta pumzi. Mzee alikuwa akitafuna taratibu, akaomba cha pili. Sauti ya Lanto ikamwambia, “Babu, tazama huku.” Mzee akainua mkono kuikinga sura, anacheka.

“Weka hiyo simu, mama. Mjomba wako akiona atanisumbua mpaka nife.”

Ratsimba alivuka chumba akang'oa waya wa televisheni ukutani. Giza likarudi kwenye kioo. Nilimwona akiwa ameshika waya ule, hajui aupeleke wapi, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma. Mtu amelinda neno la baba yake miaka yote, kumbe baba mwenyewe alikuwa akilikimbia siku za gulio.

“Alikuwa akisema anakwenda kwa kinyozi,” Ratsimba alisema. Hakumwambia mtu yeyote hasa.

“Nywele zake ulikuwa huoni hazipungui?” Haingo alimjibu. “Chomeka.”

Ratsimba hakuchomeka. Aliutupa waya sakafuni akatoka. Aliyeinuka akauokota ni yule mkwe wa Antsirabe. Aliuchomeka, akarudi kukaa, akaniambia, “Rudisha nyuma kidogo. Sikusikia vizuri alichosema mzee.”

Niliirudisha. Tukaiangalia tena, na watu wakaomba tena. Bakoly hakukaa muda wote huo. Alisimama pale pale mlangoni, shuka mikononi, kidevu juu. Chozi lilimtoka, akaliacha lishuke bila kulifuta.

Kesho yake kaburi likafunguliwa. Mwili wa baba ulipolazwa kwenye mkeka, Ratsimba na wadogo zake wakaweka mashuka yao. Bakoly alisogea na lake. Kijana mmoja akanyoosha mkono kumzuia, akamtazama Ratsimba kupata amri. Ratsimba alikuwa akitazama milimani. Haingo akashika ncha moja ya lile shuka, Bakoly akashika nyingine, wakamfunika mzee, wakafunga. Tarumbeta zikalia, watu wakambeba mabegani wakicheza naye, na Bakoly alikuwa kati yao, kofia imemdondoka, anacheza kama msichana.

Nisiseme kwamba mambo yaliisha hapo kwa kukumbatiana. Ratsimba alitangaza kwamba mimi huchezea diski za watu, na kweli baadhi ya wateja wa bonde lile walinihama. Lakini walikuja wengine ambao sikuwategemea. Mama aliyeachwa alileta diski ya harusi ya mwanawe, ambayo yeye hakupigwa picha hata moja. Mwanamume aliyezaliwa nje ya ndoa alileta diski ya mazishi ya baba yake. Wote walikuwa na neno moja: ongeza. Wengi wao walikuja kwanza kwa Bakoly, wakanunua kitumbua, wakamuuliza kama ni kweli. Naye alikuwa akiwaelekeza ndani kwa mwiko. “Mwambieni asifute kitu,” alikuwa akisema. “Na awasomee kabla hajabonyeza.”

Baada ya mwaka na kitu, Ratsimba alimtuma mwanawe, yule yule wa harusi. Alisimama mbele ya jiko, kofia mkononi, akasema maneno kama aliyeyakariri njiani: ukoo umekaa, umefikiri, umekubali kwamba shangazi yake Bakoly siku yake ikifika atapokelewa kwenye kaburi la babu.

“Mimi na nani?” Bakoly aliuliza.

“Wewe, shangazi.”

“Na Tsaralaza?”

Kijana akageuzageuza kofia. “Walisema wewe.”

Bakoly alifunua jiko akageuza vitumbua vyake vyote kwanza, kimoja kimoja, mpaka upande wa pili ukashika rangi. Nilikuwa mlangoni, nilisikia kila kitu.

“Mwambie kaka yangu nimeshukuru, na nasema hivyo bila kejeli,” alimwambia. “Lakini nilitoka na mume wangu, nikirudi nitarudi naye. Kama kwa Tsaralaza hakuna nafasi, mimi na watoto tumeanza kukusanya mawe upande wa kwao. Kaburi dogo, lakini mlango wake utaelekea barabarani. Wakipita waonekane wanapita.”

“Nimwambie hivyo hivyo?”

“Hivyo hivyo. Usipunguze.” Akamwekea vitumbua kwenye jani la mgomba. “Kaa kwanza ule. Njia ya kurudi ni ndefu, na nyumbani kwenu hawajui kukaanga.”

Kijana akakaa kwenye kigoda, akala.